Gari likimisi, si kila mara ni koili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako wa Muheza, ambaye barua yake ilitoka kwenye ukurasa huu ikiwaita mafundi wa magari wote wezi. Kwa maelezo yake, Toyota IST yake ilianza kumisi, yaani silinda kuruka bila kuwaka, akashauriwa aweke plagi nne mpya, ikaendelea. Akauziwa koili moja, kile kifaa kinachotengeneza umeme wa cheche ya plagi, halafu akauziwa tatu zilizobaki. Akasafishiwa nozeli zinazopuliza petroli. Mwisho akaambiwa kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa, atafute nyingine ya mtumba. Laki tatu na ushee zimekwenda, na gari bado linashtuka likikutana na mlima.

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Ngamiani, Tanga. Kazi nimejifunzia mtaani, kwa kumshikia taa fundi aliyenilea, na baadaye VETA wakanipima na kunipa cheti kwa ujuzi niliokuwa nao tayari. Aliyemuuzia mwenzetu koili nne simtetei. Ila hilo la wizi naona limepita kiasi. Mwizi anajua alichoficha. Hawa wenzangu wengi hawajaficha kitu, hawajui tu kilichokuwa kibovu, maana hawakupima. Na hawakupima kwa sababu mwenye gari alikuwa amesimama juu ya vichwa vyao akiuliza, "Fundi, kifaa gani hicho, bei gani?"

Nianze na ile mashine ndogo ya kupimia inayochomekwa chini ya usukani. Siku hizi kila gereji bubu inayo, na mteja akiona maandishi kwenye kioo anaridhika kwamba kipimo kimefanyika. Mashine ikiandika P0303 maana yake silinda ya tatu haiwaki sawasawa. Ikiandika P0300, kumisi kunahamahama, hakuna silinda moja inayolaumiwa. Basi. Msimbo unakuelekeza nyumba yenye msiba, hautaji ugonjwa uliomuua marehemu. Silinda ya tatu inaweza kushindwa kuwaka kwa sababu ya plagi, au koili, au nozeli iliyoziba, au valvu isiyofunga, au waya unaokwenda kwenye koili hiyo. Koili ndiyo inayohukumiwa haraka kwa kuwa inashikwa na bolti moja tu ya spana namba 10, na duka la spea liko ng'ambo ya barabara.

Kuna kipimo cha kwanza ambacho hakigharimu hata senti, na msomaji wa Muheza anaweza kukifanya mwenyewe akiazima mashine hiyo. Zima gari. Chomoa koili ya silinda inayolaumiwa, ihamishie silinda nyingine, na ya huko ilete hapa. Futa msimbo, liendeshe gari mpaka limisi tena, kisha soma upya. Lawama ikihama pamoja na koili, koili ni mbovu, kanunue. Lawama ikibaki palepale, koili haina kosa, na hata ukiweka mpya ya kwenye boksi utakuwa umenunua pambo. Plagi nazo hamisha kwa namna hiyohiyo. Aliyeuziwa koili nne na kumisi kukabaki hana haja ya kutupa zile za zamani, azihifadhi, huenda zote nne ni nzima.

Sasa tuje kwenye waya, maana ndiko ninakopatia ugali wangu. Koili za magari kama IST, Vitz, Spacio na Premio zina soketi ya pini nne. Pini moja inaleta moto wa betri ukiwasha swichi. Moja ni ethi, yaani njia ya kurudi hasi. Mbili zilizobaki ni za mazungumzo kati ya koili na kontroli boksi: kupitia moja boksi inaamuru "choma", kupitia nyingine koili inajibu "nimechoma". Waya wa moto, wa ethi au wa amri ukilegea, silinda hiyo inapata cheche dhaifu au haipati kabisa, na nje utaona kitu kilekile: injini inatikisika, nguvu imepungua, bomba linanuka petroli mbichi.

Kwa nini linamisi mlimani na si mjini? Watu wengi hili linawachanganya, hata mafundi, na ndipo pampu ya mafuta inapobadilishwa bure. Cheche inaruka kwenye upenyo mdogo wa plagi, kwenye injini hizi ni kama milimita 1 hivi, na kuruka huko kunahitaji maelfu mengi ya volti. Ukiwa sailensi, yaani injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta, hewa iliyoingia kwenye silinda ni kidogo, mgandamizo ni mdogo, hata cheche mgonjwa inaruka. Ukikanyaga mafuta kupanda mlima, silinda inajaa hewa, mgandamizo unapanda, na cheche inahitaji volti nyingi zaidi kuvuka upenyo uleule. Waya mbovu hauwezi kuilisha koili ya kutosha, cheche inashindwa, gari linashtuka. Ukifika tambarare kila kitu kinakuwa shwari na fundi anakuambia, "Mbona liko sawa?"

Nitoe mfano wa gari moja, nalo ni IST. Mwenyewe ni mama anayepandisha samaki wakavu Lushoto na kushusha karoti na kabichi. Tanga hadi Segera, Segera hadi Korogwe, Korogwe hadi Mombo, gari halina neno. Akiacha barabara kuu pale Mombo na kuanza zile kona za kwenda Soni, linaanza kukatakata mpaka wenye Noah wanampita wakimpigia honi. Gereji mbili zilikuwa zimeshapita hapo. Plagi mpya, koili ya silinda ya pili mpya, eaklina (kichujio cha hewa) mpya, nozeli zimesafishwa. Msimbo ulikuwa P0302 na haukuwahi kubadilika.

Lushoto ni mbali na gereji yangu, hivyo mlima niliutengeneza hapohapo: breki imekanyagwa barabara, breki ya mkono juu, gia kwenye D, mafuta naongeza kidogo kwa sekunde chache. Isizidi hapo, mafuta ya gia boksi yanachemka upesi. Gari likamisi. Nikahamisha koili ya pili kwenda ya nne, lawama ikabaki ya pili. Plagi niliyoitoa ilikuwa nyeusi na imelowa petroli, upenyo wake sawa. Kwa hiyo petroli inafika, cheche ndiyo haifiki.

Nikachomoa soketi na kupima pini ya moto kwa mita: volti 12.4. Hapa ndipo wengi wanapofunga mita na kusema waya ni mzima. Mita haili umeme wowote wa maana. Waya wenye nyuzi ishirini ukikatika kumi na tisa, huo mmoja uliobaki utakupa volti 12.4 bila aibu. Waya unataka kubebeshwa mzigo. Ninayo balbu ya indiketa ya wati 21 niliyoilehemu waya mbili ndefu, na hiyo balbu imeniletea pesa kuliko mashine ya kupimia niliyonunua kwa bei ya mbuzi watatu. Nikaiunga kati ya pini ya moto na hasi ya betri: ikawaka kweupe. Nikaiunga kati ya chanya ya betri na pini ya ethi: ikawaka kinyonge, rangi ya chungwa. Nikatikisa bomba la waya juu ya injini, ikazimika, ikarudi, ikazimika. Kwa kujiridhisha nikarudisha soketi, nikawasha injini, nikapenyeza sindano kwa nyuma ya soketi bila kutoboa ganda la waya, nikapima kati ya ethi ya koili na hasi ya betri. Njia nzima ya ethi haitakiwi kuzidi volti 0.2 hivi. Yangu ilikuwa inarukia zaidi ya 1.

Nikafungua tepu. Kuna mtu aliwahi kubadilisha soketi hiyo miaka ya nyuma, akaziunga waya kwa kuzisokota kwa vidole na kuzifunga tepu nyeusi. Joto la injini limeyeyusha gundi ya tepu, vumbi limeingia, unyevu wa bahari umefuata, na shaba imekuwa unga wa kijani. Sisi wa pwani kijani hicho tunakijua. Kibaya zaidi hakiishii kwenye kiungio, kinatembea ndani ya ganda la waya ambako huoni kitu. Unakata, unakuta nyeusi. Unakata tena, bado nyeusi. Unaendelea mpaka shaba ing'ae nyekundu. Kwenye gari la yule mama niliondoa urefu wa kama shubiri nzima, nikaweka waya wa unene uleule, maana mwembamba ungeniletea ugonjwa mwingine.

Kuhusu kuunga, mafundi hatukubaliani. Wapo wanaolehemu kwa risasi tu, wapo wanaobana tu. Risasi ikizidi inapanda ndani ya nyuzi, waya unakuwa mkavu kama kijiti na injini ikitetemeka unakatika pembeni ya kiungio. Mimi nabana kwanza kwa kishikio cha shaba, naweka risasi kidogo, halafu navalisha ule mpira wa gundi unaojibana ukipata joto. Tepu naitumia nje tu, kushikilia bomba la waya. Na waya lazima uachiwe ulegevu kidogo na ufungwe mahali pake pa kiwandani, usilale juu ya injini au karibu na bomba la moshi.

Gari likapanda Lushoto. Sasa sikieni habari ya malipo. Nilitaka elfu 35, ikiwamo elfu 20 ya kupima. Mama akashika kiuno: "Fundi, elfu thelathini na tano kwa ka-waya haka?" Tukavutana mpaka elfu 25. Koili ambayo gari lake halikuihitaji aliinunua zaidi ya hiyo, na kwa maneno yake mwenyewe hakuomba apunguziwe sana, kwa sababu ilikuja kwenye boksi na ilikuwa na nembo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na msomaji wa Muheza. Fundi anayepima nusu siku akapata waya uliokatika hana cha kukuonyesha. Fundi anayebadilisha kifaa ana boksi mkononi, ana risiti, na dukani amekatiwa chake. Wateja wetu wamezoea kulipia kitu kinachoshikika. Basi kijana wa gereji, ambaye naye ana kodi ya nyumba, anajifunza haraka njia ipi inaleta ugali.

Niseme pia waya hizi zinaharibiwa na nani, maana mara nyingi kiwanda hakihusiki. Wa kwanza ni wale wanaofunga alamu na swichi za siri. Mwenye gari anaogopa wizi, anaomba afungiwe swichi iliyofichwa chini ya siti ili gari lisiwake bila yeye. Fundi anakata waya wa moto unaolisha koili, anauzungusha kupitia swichi dhaifu, anasokota, anafunga tepu. Mwaka unapita, kiungio kinapata moto na kulegea, na gari linamisi silinda zote kwa zamu, au linazimika ghafla kwenye tuta na kuwaka tena lenyewe. Ukikutana na P0300 kwenye gari lenye alamu, chungulia chini ya dashibodi kabla hujagusa kitu kwenye injini. Angalia pia waya mnene wa ethi unaotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi. Bolti yake moja ikishika kutu, koili zote zinaumwa siku moja.

Wa pili ni waosha magari. Vijana wanafungua boneti na kupiga injini kwa mashine ya presha kana kwamba wanaosha mkeka. Maji yanajaa kwenye visima vya plagi na kwenye soketi, jioni gari linamisi, kesho yake limekauka, mwenyewe anasahau. Chumvi na kutu vimebaki ndani. Injini ifutwe kwa kitambaa.

Panya sina haja ya kuwaeleza. Anayepakia mahindi kwenye gari na kuliacha limelala nje wiki nzima, akute waya zimetafunwa, asimuulize mtu.

Kwa wenye magari ya zamani kidogo, kama Corolla 110 au Carina zenye distributa, kifaa kimoja kinachogawa cheche kwa silinda zote, habari ni tofauti. Huko kuna waya nene nne za plagi, na ndani yake si shaba tupu, ni uzi wenye kaboni. Ukizeeka unakatika ndani huku nje waya unang'aa. Toa waya, pima kwa mita kwenye kiloomu: kitabu cha Toyota kinataka usizidi 25 kwa kila waya. Ganda likipasuka, cheche inatorokea kwenye chuma cha injini badala ya kwenda kwenye plagi. Usiku wa giza fungua boneti, washa injini, rushia ukungu wa maji kidogo kwa ile chupa ya kunyunyizia, utaona vimulimuli vya bluu vinacheza kwenye waya mbovu. Kifuniko cha distributa nacho kifunguliwe: ukiona mstari mweusi mwembamba kama wa penseli kati ya vituo viwili, ndiyo njia ambayo cheche imejichimbia. Na ukirudisha waya, fuata mpangilio wa 1-3-4-2. Nimeletewa magari yaliyovutwa kwa kamba, ugonjwa ni waya mbili zilizobadilishana nafasi.

Kuna desturi moja ya kizee ambayo naomba ife. Fundi anaacha injini inaunguruma na kuchomoa waya za plagi moja baada ya nyingine ili asikie ipi haileti tofauti. Kwanza utapigwa shoti ya kukurusha nyuma, na mwenye tatizo la moyo asithubutu kabisa. Pili, cheche iliyokosa njia inatafuta njia kupitia koili na ignita (kifaa kinachoikatia na kuiwashia koili umeme), na vikiungua vyote viwili ndipo kontroli boksi inapoanza kusingiziwa. Tatu, petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye masega yaliyo kwenye bomba la moshi, yale ya kusafisha moshi. Masega yakipata joto hilo yanayeyuka na kuziba, na gari linakosa nguvu moja kwa moja. Ndiyo sababu kwenye magari mengi taa ya injini ikiwa inapepesa, badala ya kuwaka tu, unatakiwa uondoe mguu kwenye mafuta na utafute pa kusimama. Na yakishaziba, atatokea mtu wa kukuambia yatolewe na kutupwa. Yana platinamu, paladiamu na rodiamu ndani yake, kuna wanunuzi wanayapima kwa uzito, kwa hiyo hayo "ya kutupwa" uliza yanatupwa wapi. Hapo, Mhariri, neno wezi nitalikubali.

Kwa wenzangu mafundi nina ombi moja la pesa: kabla ya kununua mashine ya kupimia ya pili iliyo kubwa zaidi, nunua mita nzuri na utengeneze balbu ya mzigo. Kwa walimu wa vyuo vya ufundi, vijana mnaotuletea kwa mafunzo ya vitendo wanaijua kanuni ya Ohm ubaoni, lakini ukiwapa waya wenye kutu wanapima volti soketi ikiwa imechomolewa na kuandika "sawa" kwenye daftari. Wapelekeni kwenye gari bovu wakapime huku injini inafanya kazi.

Na kwa wenye magari, mkubaliane na fundi bei ya kupima kabla boneti haijafunguliwa, iwe peke yake, isimezwe ndani ya bei ya kifaa. Akisema koili imekufa, muulize amejuaje: aliihamishia silinda gani, lawama ikaenda wapi? Akisema waya, akuonyeshe balbu inavyofifia. Fundi aliyepima hatakasirika kuulizwa, mara nyingi atafurahi kupata mtu wa kumsimulia. Kifaa cha zamani mdai akupe.

Kwangu bei ya kupima nimeiandika kwa chaki mlangoni. Nikilipata tatizo na kulitengeneza mimi mwenyewe, nusu yake naitoa kwenye malipo ya kazi. Asiyetaka kulipia kupima simshikii ufunguo, namwelekeza duka la spea lilipo akanunue koili, na namsihi aitunze risiti.

Fundi umeme wa magari,
Ngamiani, Tanga